Marimba Isiyo na Utando

Jumamosi, tarehe 20 Julai 2024. Baridi kali ya asubuhi, upepo tangu usiku, vumbi jembamba, mbingu nyeupe bila wingu hata moja. Mabati ya nyumba za kata ya Nkuhungu yaligongagonga mpaka kulipopambazuka.

Penina alikuwa macho tangu saa kumi na moja. Alilala chali, blanketi limefika kidevuni, na chini ya blanketi vidole gumba vyake viwili vilikuwa vinakwenda. Joha, ambaye walipanga naye chumba kimoja, alizoea jambo hilo. Mara nyingi aliwaambia wateja wa saluni kwamba amelala na watu wengi maishani, dada zake sita pale Kondoa na shangazi mmoja anayekoroma, lakini hajawahi kulala na mtu anayecheza ngoma usingizini.

"Utalimaliza hilo blanketi," Joha alisema gizani. "Amka basi, uoge, uende."

"Bado mapema."

"Na hapo ulipo unafanya nini?"

Penina alilisukuma blanketi pembeni. Aliamka, akachemsha maji, akayasahau jikoni mpaka yakapungua nusu, akaoga kwa hayo yaliyobaki. Saa mbili kasorobo alikuwa amekwisha kuvaa, na saa nne, saa ya kurekodi kwenye televisheni, ilikuwa mbali mno.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa ususi. Saluni ilikuwa ya Joha, fremu moja ya duka kando ya barabara ya vumbi, na Penina alikuwa hapo kwa mwaka wa pili. Wateja walimpenda kwa sababu mistari yake ilinyooka na haikuvuta ngozi. Walichomlalamikia ni kutotulia. Akikosa kichwa cha kusuka, alibonyezabonyeza mkono wa kiti, au meno ya chanuo la plastiki, au magoti yake mwenyewe. Mama mmoja mfanyakazi wa wizarani aliwahi kumuuliza, kwa huruma kabisa, kama ameshapima malaria.

Haikuwa malaria. Ilikuwa marimba ya babu yake.

Mzee Bartolomayo aliitengeneza mwenyewe mwaka 1978, kijijini, upande wa Mvumi. Ni kisanduku cha mti kinachokaa mapajani, juu yake vimepangwa vyuma ishirini na tisa. Vingine vilikuwa misumari, vingine springi za godoro la misheni, vyote vimegongwa mpaka vikawa bapa. Mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Katikati ya ubao wa mbele kuna tundu dogo, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando. Ni ule utando mweupe wa mviringo ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Chuma kikibonyezwa, utando hutetemeka, na sauti hutoka ikiwa na mvumo kama wa nyuki waliofungiwa. Mzee alikuwa na masharti juu ya utando huo. Uchukuliwe ule ambao watoto wameshatoka. Ubandikwe kwa utomvu mweupe wa mti wa mnyaa, si kwa gundi ya dukani. Na marimba isiyo na utando, kwake yeye, ilikuwa ubao wenye misumari.

Penina alipelekwa kwa babu akiwa na miaka minane, kumsaidia kuamia na kufukuza ndege kwenye shamba la uwele. Walikaa wote wawili juu ya ulingo, jukwaa la miti, kuanzia alfajiri hadi jua linazama. Yeye alirusha madongo na kupiga kelele. Babu alipiga marimba ili asisinzie. Msimu wa tatu mkono wa Penina ulivimba kwa kurusha, na babu, kwa kukosa namna nyingine ya kumfanya awe macho, akampakatisha marimba. Baba zake wadogo walicheka walipoona. Walisema mwanamke wa Kigogo hupiga ngoma, marimba ni ya wanaume. Mzee akawajibu kwamba wanaume wanne wa nyumba hiyo aliwaita mmoja mmoja, na kila mmoja alichagua pikipiki.

Mwezi wa sita wa mwaka 2024, Penina alikwenda kuiomba. Kikundi chao cha vijana wa Nkuhungu, yeye na wapiga ngoma watatu na Damas mpiga zeze, kilikuwa kimeandika barua mara mbili kwa kituo kidogo cha televisheni pale mjini. Kituo hicho kilikuwa na kipindi cha kila Jumamosi cha kuonyesha vijana wa kata moja na sanaa zao. Wiki moja walikuwa wachoraji, wiki nyingine waigizaji, wiki nyingine watoto wa ngonjera. Nkuhungu ilikuwa imesubiri miezi miwili, na sasa wamekubaliwa.

Babu alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepinda na havikunjuki tena. Akaichukua marimba ukutani, akaifuta kwa kiganja, akamwekea mjukuu mapajani.

"Nakuazima," alisema. "Ikisema vizuri huko kwenye luninga, ikae kwako, mimi nimekwisha. Ikisema vibaya, irudi hapa, tunyamaze wote wawili."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwamsha Penina saa kumi na moja.

Kikundi kilifika kituoni saa tatu na dakika arobaini. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi, sebule yake imegeuzwa studio, madirisha yamezibwa kwa magodoro na mapazia meusi. Wapiga ngoma waliotaka kukausha ngozi juani waliambiwa wafanye haraka, kwa sababu kikundi cha kata nyingine cha maigizo kilikuwa kinasubiri kwenye varanda, kimeshavaa na kupaka unga usoni. Damas, kiongozi wao, kijana mrefu anayeuza vipuri vya baiskeli sokoni, alizunguka akimwambia kila mtu atulie, naye ndiye aliyekuwa akitokwa jasho.

Fundi wa sauti aliitwa Sostenes. Hakuwa mtu wa majivuno. Aliwasalimia wote kwa mkono, akamwekea Penina kipaza sauti karibu na mapaja, akavaa spika zake za masikioni na kurudi kwenye mashine yake kwenye kona. Walipiga kidogo kwa kujaribu. Akainua mkono.

"Dada, sogea mbele kidogo."

Alisogea. Wakapiga tena. Akainua mkono tena, akaja, akabadilisha waya. Wakapiga. Akabadilisha kipaza sauti chenyewe. Mara ya nne alichuchumaa mbele ya Penina akatega sikio bila spika, kama daktari.

"Kumbe ni hapa kwako. Kuna kitu kinakwaruza."

"Hakikwaruzi. Ni utando."

"Utando wa nini?"

"Wa buibui."

Sostenes alitazama tundu, akatabasamu, lakini si kwa dharau. Alimweleza taratibu kwamba masikioni mwake sauti ile inafika kama waya uliokatika. Mwezi uliopita watazamaji walipiga simu kulalamika kuhusu sauti mbovu, na mkuu wake akamwandikia barua ya onyo. Ya pili ikija, hajui. Akasema kuwa pale nyumbani mtu ana spika ya luninga yenye ukubwa wa kiganja, hawezi kujua kwamba huo mvumo umekusudiwa. Akauliza kama utando unaweza kutoka, kwa leo tu.

Varandani waigizaji walikuwa wamekwisha kusimama. Damas aligusa kioo cha saa yake.

Penina alijua jibu. Tatizo ni kwamba alijua na jambo lingine, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Wateja wa saluni walipomsikia akijipigia nyuma ya pazia, baadhi walisema inafanana na redio ya betri zinazokwisha, na siku hizo alikuwa anaweka kidole juu ya tundu ili mvumo upungue. Kwa hiyo kidole chake kilikuwa kinaijua njia. Alipitisha ukucha pembeni mwa utando. Ulikuwa umeshikwa vizuri na utomvu wa babu, haukutoka mzima. Ulichanika vipande viwili, na kimoja kilipeperushwa na feni kisionekane tena.

"Hapo sawa kabisa," Sostenes alisema kutoka konani. "Safi sana."

Walipiga nyimbo mbili. Ngoma zilipigwa vizuri, zeze la Damas lililia vizuri, na mtangazaji, msichana wa chuo aliyevaa kitenge cha studio, aliwauliza wamepata wapi wazo la kuinua sanaa ya jamii. Damas alijibu kwa kirefu. Penina aliulizwa swali moja, nani alimfundisha, akasema babu, na kamera ikarudi kwa Damas.

Mchana ule hakukalika. Kipindi kingerushwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na kabla ya hapo kulikuwa na vichwa viwili vya kusuka. Cha kwanza alikimaliza. Cha pili alikifikisha katikati, Joha akapita nyuma yake, akasimama.

"Huo mstari unakwenda wapi?"

Penina alitazama. Mstari ulikuwa umeanza kwenye paji la uso, ukapita juu ya sikio, ukaelekea shingoni kama njia ya mbuzi. Ikabidi waufumue. Mwenye kichwa, binti wa duka la jirani, alisema haidhuru, ila kama ana mchumba aliyekorofishana naye basi amalizane naye kabla ya kushika vichwa vya watu. Penina alitoka nje mara tatu. Alikwenda hadi kwenye bomba bila ndoo. Alirudi akamwambia Joha kwamba labda babu hatatazama, labda kule kijijini sola ya katekista mwenye luninga haitachaji, kulikuwa na vumbi.

"Unamwombea babu yako giza?" Joha aliuliza.

Saa kumi na mbili na nusu saluni ilijaa. Luninga ilikuwa juu ya kabati la dawa za nywele. Kikundi chote kilikuja, na majirani, na watoto waliokaa sakafuni kwenye mabaki ya nywele za rasta. Nkuhungu ilipotajwa, watu walipiga makofi kana kwamba wameshinda kitu. Kisha ngoma zikaanza, na baada ya ngoma, marimba.

Ilikuwa sauti safi, kama alivyosema Sostenes. Kila chuma kilisikika peke yake, kikavu, kifupi, kama mtu anayegonga chupa tupu kwa kijiko. Penina alijiona mapaja yamenyooka, kichwa kimeinama, vidole vinakwenda kwa kasi, na kile kilichotoka hakikuwa kimewahi kutoka mapajani mwake. Aliangalia nyuso za watu. Hakuna aliyeona kasoro. Mama mwenye duka alisema yule mtoto ana mikono jamani.

Simu ya Damas ilianza kulia kabla kipindi hakijaisha. Ya Penina ililia saa moja na dakika tano. Ilikuwa namba ya mwalimu Elisante, katekista wa kule kijijini mwenye luninga. Akatoka nayo hadi nyuma ya fremu, penye upepo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekuona."

"Umeonaje, babu?"

"Nimeona mikono yako. Mikono nimeitambua." Mzee alikohoa. "Sauti ilikuwa ya nani?"

Penina alisema ni marimba yake, ile ile.

"Yangu naijua. Elisante alinipa kiti cha mbele, nikasogea, nikadhani ni masikio. Nikamuuliza mtoto wake, wewe unasikia nyuki? Akasema hakuna nyuki."

"Waliniambia niutoe, babu."

"Nani alikushika kidole?"

Upepo uligonga bati. Mzee alisema, bila ukali wowote, kwamba Jumatatu iletwe. Hata kwa mtu wa kupita. Kisha akamrudishia Elisante simu, na Elisante akasema hongera sana, mmetupendeza, kijiji kizima kilikuwa hapa.

Aliporudi ndani, Damas alikuwa amesimama juu ya kiti cha kusukia. Kituo kilikuwa kimempigia. Kulikuwa na ujumbe mwingi wa watazamaji, na wanawataka tena Jumamosi ijayo, robo saa nzima, wao peke yao. Watoto walirukaruka. Penina akamwambia kwamba Jumatatu marimba inarudi.

"Kwa sababu gani?"

"Mwenyewe hakuipenda."

Damas alishuka kwenye kiti. Hakukasirika, alijaribu kuelewa. Alisema watu wote wale wamepiga simu kusifu, na aliyelalamika ni mzee mmoja. Akasema mjini zinauzwa marimba mpya, zimepakwa rangi, za kuuzia watalii. Wataazima moja.

"Umewahi kuipiga hiyo ya rangi?" Penina aliuliza.

"Si zote ni marimba?"

Penina alichukua ufagio akaanza kufagia rasta chini ya miguu ya watu ambao bado walikuwa wamesimama, mpaka Joha akamnyang'anya ufagio. Walipobaki wawili tu, alimweleza Joha yote, hata lile la kuziba tundu kwa kidole. Joha alifunga mlango, akafikiri.

"Basi ubandike mwingine. Shida iko wapi?"

"Niutoe wapi?"

Hapo Joha alitazama dari, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepaka chumba chao chokaa kabla ya Idi, na hakuna siku iliyopita bila yeye kupitisha fagio la dari. Alilelewa hivyo. Buibui aliyeingia kwa Joha hakupata nafasi ya kutanda utando.

Asubuhi yake, Jumapili tarehe 21, upepo ulikuwa umetulia, ila baridi ilikuwa palepale. Penina alitoka saa kumi na mbili na robo na kuanza kutazama kuta. Alipita nyuma ya nyumba ya mwenye duka. Alipita kwenye choo cha zamani cha wapangaji. Kila mahali palikuwa na rangi, au plasta mpya, au vumbi tupu. Bibi mmoja aliyekuwa anawasha moto alimtazama akiwa amesimama uso kwa uso na ukuta wake.

"Binti, unatafuta nini hapo?"

"Shikamoo, bibi. Buibui."

"Marahaba. Umelala vizuri lakini?"

Alipata tando mbili kwenye nyumba ambayo haijaezekwa. Mmoja ulikuwa bado na mayai, akauacha. Wa pili ulikuwa umetoboka. Saa moja kamili alirudi saluni mikono mitupu, akakuta Joha anafungua. Akasimama akikitazama kile kibao kikubwa cha mbele, kilichochorwa vichwa sita vya wanawake na mitindo yao, ambacho kilining'inia ukutani tangu fremu ilipopangwa. Fagio la Joha halikuwahi kufika nyuma yake.

"Nisaidie kukishusha," alisema.

Walikishusha. Nyuma yake, juu ya ukuta ambao haukuona chokaa kwa miaka, palikuwa na miviringo myeupe mitano, kama vifungo vya shati. Joha aliruka nyuma huku bado ameshika kibao.

"Kwa hiyo muda wote huu nimewafuga."

"Shikilia. Usitikise."

Penina alichagua ile ambayo watoto wameshatoka. Aliitoa kwa wembe wa saluni, taratibu, kuanzia pembeni, pumzi ameibana. Wa kwanza ulijikunja. Wa pili ulitoka mzima. Kwenye ua wa jirani palikuwa na mnyaa. Alivunja kijiti, akaacha utomvu udondoke tone moja, akaupaka kuzunguka tundu akiwa amegeuza uso ili usimwingie machoni, kama alivyofundishwa. Akalaza utando. Akasubiri mpaka uvutike ukawa kama ngozi ya ngoma. Alipobonyeza chuma kimoja, Joha alisema, ehee, hiyo ndiyo sauti unayonipigia chumbani usiku.

Kabla ya kuondoka alimwandikia Sostenes ujumbe, kwa namba aliyoipata kwa Damas. Aliufuta mara mbili. Mwisho ulisomeka hivi: Kaka Sostenes, Jumamosi nitakuja na utando. Ukiona unakwaruza, sogeza maiki, usiusogeze utando. Kama haiwezekani niambie, niwaache wenzangu waje bila mimi. Alituma, akasubiri dakika chache akiangalia kioo cha simu. Jibu halikuja. Akafunga marimba kwenye khanga akaenda kutafuta gari la Mvumi.

Alifika kijijini saa nne kasoro dakika kumi. Watu walikuwa kanisani, kwaya ilisikika kwa mbali. Alijua babu hayuko kwenye ibada, goti halikumruhusu tangu baridi ilipoanza. Mlango ulikuwa wazi. Penina hakuelekea mlangoni. Alizunguka nyuma ya nyumba, upande wa kile kidirisha kidogo, akaketi chini ukutani mahali ambapo mtu wa ndani hawezi kuona mikono yake. Akafungua khanga. Akapiga wimbo wa kufukuza ndege, ule wa kwanza kabisa, polepole, na nyuki wakatoka wote.

Ndani kigoda kilikwaruza sakafu. Kikohozi kikasogea mpaka chini ya dirisha, kikakaa hapo. Alipiga wimbo hadi karibu na mwisho.

"Chuma cha tatu, upande wa kushoto," sauti ikasema kutoka ndani.

"Naam, babu."

"Kimelegea. Kirudishe ndani kidogo."

Penina aliokota kijiwe, akakigonga kile chuma mara mbili, akajaribu sauti yake, akaanza tena mwanzo.